Sanda ya mhimili Eastlands: mashine ya dukani au ya jua kali?

Pindi la ndani humsumbua seremala wa karakana ndogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi yake. Ubao ulionyooka hulainishwa kwa randa, na ubapa wake humalizwa kwa sanda ya mkanda au kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mti, lakini mkunjo unaoingia ndani, kama ule wa mkono wa sofa au wa mguu wa meza, hauguswi ipasavyo na zana yoyote bapa, kwa kuwa zana hiyo huegemea kingo mbili za mkunjo na kuacha katikati vilevile ilivyokuwa.

Katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, tatizo hili lina uzito wa kibiashara. Fremu za sofa zinazoundwa Gikomba na kandokando ya barabara za Kariobangi, Umoja na Kayole hupendwa kwa mikono na migongo iliyopinda, na vichwa vya vitanda navyo hukatwa kwa umbo la mawimbi. Msumeno wa mkanda au jigso ukishapita huacha alama za meno ambazo vanishi haizifichi bali huzidhihirisha, na anayejaribu kuziondoa kwa mkono hupoteza saa nyingi, kisha mara nyingi mikono miwili ya sofa moja hutoka na mapindi yasiyolingana.

Mashine iliyobuniwa kwa kazi hiyo ni sanda ya mhimili. Ni meza ndogo yenye tundu katikati, ambamo hutokeza mhimili uliosimama wima, uliovikwa ngoma ya mpira na juu yake mrija wa msasa, ukawa unazunguka huku fundi akiusogeza ubao dhidi yake. Linaloleta mabishano ni aina ya mashine inayofaa karakana ya nyumbani, iliyo uani au kwenye baraza, inayotumia umeme wa nyumba ya kupanga na kupakana na dirisha la jirani.

Kuzunguka peke yake hakutoshi

Sanda nzuri ya aina hii huzunguka na wakati huohuo hupanda na kushuka polepole. Katika mashine nyingi ndogo za mezani mwendo huo wa kupanda na kushuka ni wa takribani milimita 16, nao hurudiwa mara 50 hadi 60 hivi kwa dakika, ukiendeshwa na gia ndogo iliyofichwa chini ya meza.

Mwendo huo ndio unaoamua maisha ya msasa. Mhimili usiopanda wala kushuka hulazimisha ukanda uleule wa msasa, wenye upana sawa na unene wa ubao, kufanya kazi yote, hivyo ukanda huo hujaa unga, hupata joto na kuuchoma ubao hadi ukaacha mstari mweusi, ilhali sehemu ya juu ya msasa ingali mpya. Tena mhimili uliotulia huacha michirizi mirefu inayofuatana, na michirizi hiyo huonekana wazi rangi inapopakwa.

Jambo la pili ni kasi ya uso wa msasa, ambayo ni tofauti na kasi ya mota. Mhimili unaozunguka mara 2,000 kwa dakika ukivikwa ngoma ya kipenyo cha milimita 76, yaani inchi 3, uso wa msasa hupita kwa karibu mita 8 kwa sekunde. Ukivikwa ngoma ya milimita 13, ambayo ni nusu inchi, uso huo hupita kwa mita 1.4 tu. Ndiyo maana ngoma nene huchoma mbao haraka na ngoma nyembamba huonekana mvivu, ingawa mota ni ileile. Mnunuzi anayeambiwa kwamba mashine ni dhaifu kwa kuwa ngoma ndogo "haili" anapotoshwa.

> Kanuni ya fundi: tumia ngoma nene kuliko zote zinazoweza kuingia katika pindi, kwani ngoma nyembamba huacha mawimbi.

Karakana za uani

Mitaa ya Eastlands haikupangwa kwa ajili ya viwanda, ila ukubwa wa ploti na umbo la nyumba umeamua ni nani anayeweza kuwa na karakana. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ina nyua ndogo ambazo wenye nyumba wengi wameziezeka kwa mabati. Dandora, iliyoanzishwa miaka hiyohiyo kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliwapa wakazi ploti zenye huduma za msingi ili wamalizie nyumba wenyewe, na tangu hapo ujenzi na ufundi vimekaa pamoja uani. Kwingineko, hasa panapozidi maghorofa ya kupangisha, karakana ni baraza la ghorofa ya chini au kibanda cha kando ya barabara.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyowafanya wachumi wa kimataifa kuichukulia kwa uzito sekta hii isiyo rasmi, ambayo Wakenya waliipa jina la jua kali. Miaka 5 baadaye mtafiti Kenneth King, katika kitabu chake The African Artisan, alieleza jinsi mafundi wa Nairobi walivyojifunza kuunda bidhaa na hata baadhi ya mitambo yao kwa kunakili na kurekebisha. Ubishi wa leo kati ya mashine ya dukani na ya jua kali una mizizi katika desturi hiyo.

Bei ya mbao nayo imeingia katika hesabu. Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo, karakana nyingi zilikuwa zimezoea mbao kutoka nchi jirani, mbao za paleti zilizobomolewa, na bao za MDF, ambazo ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ubao ukiwa ghali, pindi lililoharibiwa na sanda mbovu ni hasara ambayo mteja hailipi.

Njia nne na watetezi wake

Njia ya kwanza ni drili ya kusimama, ambayo karakana nyingi tayari zinayo. Hoja ya wanaoitetea ni nyepesi: hununuliwa ngoma tu, ikafungwa mahali pa keekee, na mashine mpya haihitajiki. Kwa kazi ya mara mojamoja hoja hiyo inakubalika, lakini drili imeundwa kupokea nguvu inayoshuka kutoka juu. Msukumo wa ubavuni haikuundiwa. Chaki yake, yaani kishikio cha keekee, katika drili nyingi hushikiliwa na koni ya chuma kwa msuguano peke yake, na ikisukumwa kutoka kando tena na tena inaweza kulegea na kudondoka ingali inazunguka. Wala drili haipandi na kushuka yenyewe, kwa hiyo msasa huchakaa katika ukanda mmoja.

Njia ya pili ni mashine inayotumwa na jamaa walioko Marekani. Sanda ya Ridgid inayounganisha mkanda na mhimili katika meza moja inasifiwa sana na maseremala wa huko, na sifa hizo zinastahili. Tatizo ni kwamba imeundwa kwa umeme wa volti 120 na mipigo 60 kwa sekunde, ilhali Kenya hutumia volti 240 na mipigo 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi mipigo, na mota ya induksheni, ile isiyotumia brashi za kaboni, hufuata mipigo hiyo: hupungua kasi kwa takribani sehemu moja kati ya sita na kupata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Ukijumlisha transfoma yenyewe, uchukuzi, ushuru na ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16, zawadi hiyo huwa ghali, na siku mpangaji mwingine atakapoichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, itaungua.

Njia ya tatu ni mashine ndogo ya mezani iliyoundwa kwa soko la Uingereza na Ulaya, kama ile ya Triton yenye mota ya wati 450 na volti 230, au mojawapo ya nyingi zinazofanana nayo zitokazo China kwa majina tofauti. Mashine hizi huja na ngoma za ukubwa mbalimbali, tundu la kufyonzea vumbi, na uzito ambao mtu mmoja anaweza kuubeba na kuuficha ndani usiku. Kwa wapinzani wake, ganda la plastiki ni dalili ya udhaifu, na vipuri vya gia ya kupandisha mhimili havipatikani mjini.

Njia ya nne, ambayo ina watetezi wenye sauti kubwa kuliko wote, ni mashine ya jua kali. Fundi wa chuma huchomelea fremu ya vyuma vya pembe, akafunga shafti ya milimita 20 katika beringi mbili za aina ya P204 zilizo na makazi yake ya chuma, akaizungusha kwa mkanda na puli kutoka mota ya hosipawa 1 iliyotolewa kwenye mashine nyingine. Mota ya kawaida ya nguzo nne huzunguka takribani mara 1,440 kwa dakika kwa umeme wa Kenya, na kwa puli zilizo sawa ngoma ya milimita 76 hupata kasi ya karibu mita 5.7 kwa sekunde, ambayo ni salama na haichomi ovyo. Fundi asiyeangalia akifunga mota ya mizunguko 2,880, kasi hurudufika na mbao huanza kunuka moshi.

Nguvu ya hoja ya jua kali iko katika ukarabati. Beringi ya P204 hupatikana katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, na yeyote anayejua kushika spana anaweza kuibadilisha siku hiyohiyo. Uzito wa fremu huzima mtetemo, na mota kubwa haizimiki hata fundi anapofanyia kazi mvule au mbao nyingine ngumu kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa karakana inayotoa fremu za sofa kila siku, sifa hizi hushinda urembo wa mashine ya dukani.

Udhaifu wake nao haufichiki. Mhimili wake kwa kawaida haupandi wala kushuka. Mkanda na puli mara nyingi huachwa wazi, tayari kunasa mkono wa shati. Meza huweza kuwa haiko katika pembemraba na mhimili, kosa ambalo huharibu kila ubao unaopita hapo. Na zaidi ya yote, hakuna aliyefikiria vumbi litaelekea wapi. Makosa haya hurekebishika ikiwa mteja atayadai kabla ya kulipa salio, na hilo wateja wachache hulifanya. Ukosefu wa kupanda na kushuka hupunguzwa kwa hila ya zamani ya kuweka mbao za unene tofauti chini ya kazi, ili sehemu nyingine ya msasa ipate kutumika.

Gharama iliyojificha kwenye msasa

Mashine hununuliwa mara moja, lakini msasa hununuliwa kila mara. Mashine nyingi ndogo za mezani hutumia mirija yenye urefu wa takribani milimita 115 iliyounganishwa kiwandani, na katika maduka ya kawaida ya vifaa vya ujenzi mirija hiyo ni adimu, tofauti na msasa wa shuka au wa mita ambao huulizwa kwa namba na kukatwa papo hapo. Namba ndogo, kama 80, ina chembe kubwa za kukwangua. Namba kubwa, kama 150 au 180, ni ya kumalizia.

Ufumbuzi uko ndani ya uwezo wa seremala yeyote. Ngoma ya mbao iliyochongwa kwa mashine ya kereza, ikapasuliwa ufa mmoja kwa urefu, hushika msasa wa kawaida unaokatwa kwa upana wa mzingo wake na kuongezwa kidogo, ncha zake mbili zikaingizwa katika ufa na kukazwa kwa kabari. Ngoma ya milimita 51 ina mzingo wa takribani milimita 160, na ya milimita 76 ina takribani 239, kwa hiyo shuka moja hutoa vipande vya kutosha siku nzima. Kwa ngoma ya milimita 13 njia hii haifai, na hapo hapana budi kununua mirija.

Saiprasi na paini, mbao zinazotumika zaidi mitaani, zina utomvu unaoyeyuka kwa joto na kuziba msasa kabla haujachakaa. Msasa wa namna hiyo hautupwi. Husafishwa kwa kuushikizia kipande cha mpira laini ungali unazunguka, na viatu vikuukuu vyenye soli ya krepu, ambavyo Gikomba havikosekani, hufanya kazi hiyo sawa na kifaa maalumu kinachouzwa nje kwa bei kubwa.

> Anayenunua mashine bila kuuliza msasa wake utatoka wapi amenunua meza.

Vumbi na jirani

Katika kila mjadala wa sanda hapa jijini, suala linalozungumzwa kidogo kuliko yote ndilo zito kuliko yote. Sanda ya mhimili hutoa unga laini unaoelea hewani kwa muda mrefu baada ya mota kuzimwa, na chembe zake ndogo zaidi, zile zisizoonekana, ndizo hufika mbali ndani ya njia ya pumzi.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ushahidi ulianzia katika mji wa High Wycombe nchini Uingereza, uliokuwa kitovu cha kuunda viti, ambako daktari wa masikio, pua na koo Esmé Hadfield aligundua kwamba wagonjwa wake wa saratani adimu ya pua walikuwa kwa wingi wafanyakazi wa samani. Utafiti alioshirikiana na wenzake ulichapishwa mwaka 1968. Mbao ngumu ndizo zilizohusishwa zaidi. Mvule kwa upande wake unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchochea pumu, na MDF huongeza gundi yenye fomaldehaidi.

Leso iliyofungwa usoni haizuii chembe hizo. Kinachohitajika ni kifyonza vumbi kilichounganishwa na tundu la mashine, pamoja na barakoa ya daraja la N95 au FFP2 inayobana uso. Mashine ya jua kali inaweza kupewa sanduku la mbao chini ya meza lenye tundu la bomba la plastiki, na fundi wa chuma akielezwa mapema, gharama ya ziada ni ndogo mno ukilinganisha na hospitali.

Sheria nayo imo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au daima, hivyo uani kwa mtu kunapokuwa na kijana aliyeajiriwa hata kwa siku chache, mwenye karakana ana wajibu kwake. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira NEMA, zinaweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Kiwango hicho sanda yoyote inayokula mbao haiwezi kukitimiza ikiwa jirani yuko mita chache tu, na aghalabu kifyonza vumbi hupiga kelele kuliko sanda yenyewe.

Wenye karakana husema, na wana haki, kwamba kanuni zikitekelezwa neno kwa neno hakuna fundi atakayebaki mtaani, na kwamba nafasi katika maeneo ya viwanda vidogo kama Kariobangi Light Industries haiwatoshi wote. Majirani nao hujibu kwamba mtoto mwenye pumu hana pa kuhamia. Kinachowezekana katika mazingira hayo ni maafikiano ya saa: kusaga mchana pekee, kuacha usiku na siku za ibada, na kuhakikisha vumbi linaishia ndani ya ndoo badala ya kuishia kwenye nguo zilizoanikwa.

Hatari ya moto haihitaji maelezo marefu Eastlands. Moto wa Gikomba wa Juni 28, 2018 uliua watu 15, na masoko ya mbao yameungua mara kadhaa kabla na baada ya hapo. Mfuko wa vumbi la sanda ambamo cheche ya msumari wa paleti imeingia unaweza kufuka kwa saa nyingi kabla ya kuwaka, na kwa hiyo humwagwa nje kila jioni, katika pipa la chuma lenye kifuniko.

Ipi inunuliwe

Kwa karakana ya nyumbani isiyo na mfanyakazi wa kudumu, inayounda samani chache kwa wiki na kutumia soketi ya kawaida, mashine ndogo ya mezani ya volti 230 au 240 inayopandisha na kushusha mhimili ndilo chaguo la busara. Mota ya wati 450 hutumia chini ya nusu ya yuniti ya umeme kwa saa, haiangushi swichi ya nyumba inapowashwa, na vumbi lake lina pa kutokea. Meza inayoinamishwa kwa pembe ni anasa ambayo wengi wataitumia mara mbili kisha waisahau.

Karakana inayotoa fremu za sofa kwa jumla, yenye nafasi yake na fundi wa chuma jirani, ichague ya jua kali, kwa masharti kwamba mkanda umefunikwa, sanduku la vumbi lipo, na meza imepimwa. Drili ibaki kutoboa, na mashine ya Marekani ibaki Marekani.

Anayekwenda kununua abebe pembemraba ya chuma, kipande cha mbao chenye pindi na msasa wa namba 80. Aombe mashine iwashwe, apime mhimili dhidi ya meza pande mbili, aukague kwa jicho kama unayumba unapozunguka, kisha asage pindi lake akilisogeza kinyume na mzunguko, kamwe si kuufuata, maana mhimili hunyakua ubao unaoelekea upande wake. Muuzaji anayekataa mashine yake ijaribiwe hivyo aachwe, na pesa zirudi mfukoni.